Mtama wa Mama Ulioachwa na Funza

Mume wangu alikuwa kibarua kwenye mashamba makubwa ya karanga ya Wazungu, Nachingwea. Kwa desturi yetu Wamwera, alipooa alihamia kwetu Mtua, akapewa kipande cha kulima karibu na nyumba ya mama yangu. Siku moja gunia la mbolea lilipasuka kazini. Msimamizi akawaambia vibarua wazoe kilichomwagika wakatumie kwao. Ilikuwa nyeupe kama chumvi ya mawe. Tukaiweka kwenye mtama wetu.

Mtama ukachukua rangi ya kijani kizito, mabua yakanenepa, majani yakawa laini kama ya mgomba mchanga. Wapita njia walisimama kuutazama. Nilikuwa na mimba ya kwanza, nikaona Mungu ametukumbuka.

Kisha jani la katikati la mche mmoja likakauka. Nililivuta, likachomoka lenyewe, chini limeoza na kunuka. Nikapasua bua. Ndani mlikuwa na funza, wamelala kwenye unga wa walichokitafuna. Nikapasua jingine, na jingine. Tungekula nini?

Ng'ambo ya kijia lilikuwa shamba la mama, kwenye mahame ya bibi, pale nyumba yake ya zamani ilipokuwa, palipomwagwa majivu ya jikoni miaka na miaka. Mtama wake ulikuwa mfupi, majani yanakwaruza. Ulikuwa mzima. Badala ya kufurahi, niliogopa, maana nilijua watu watasema nini.

Wakasema. Kisimani wanawake walinyamaza nilipofika, kisha mmoja akanifuata njiani. "Mama yako amewatuma wadudu kwa mkwewe," alininong'oneza. "Na wewe uangalie tumbo lako."

Usingizi ukanikimbia. Ijumaa, baada ya sala, wanaume walimjia mjomba, kaka yake mama, wakamtaka ampeleke dada yake Mbekenyera. Huko alikuwako mganga aliyewanyoa watu nywele hadharani na kuwanywesha dawa ya kutambua wachawi. Mwanamke mmoja wa kwetu alikuwa amerudishwa kutoka huko juu ya kitanda, na hakuinuka tena.

"Kama ni safi, anaogopa nini?" mmoja wao aliuliza.

Mama alikuwa akipepeta uwanjani. Alisikia yote. Ungo ulimponyoka.

Mjomba aliomba wasubiri hadi kesho yake. Asubuhi mume wangu alikwenda Nachingwea, akarudi na bwana shamba, kijana Mwafrika mwenye baiskeli. Wanaume walikuwa wameshakusanyika.

Bwana shamba alizunguka mashamba yote mawili. "Mmea hula chumvi za ardhini," akasema. "Huu wenu umelishwa chumvi moja tu, nyingi. Umenenepa, ngozi laini, maji yake yanamshibisha funza. Ule wa mama umepata na za majivu, ngozi yake imekomaa. Funza mchanga akitafuna pale meno yanachakaa kabla hajaingia ndani."

"Maneno ya vitabuni," alisema yule aliyeuliza swali jana.

Hapo mume wangu akafanya jambo ambalo kwetu mkwe halifanyi. Aliinamisha uso akasema, "Mama, niwie radhi," akaingia shambani kwa mama mkwe wake, akakata bua. Akakata na letu. Akampa yule mtu yote mawili.

"Bonyeza mwenyewe."

La kwetu lilibonyea kwa kidole gumba. La mama aliliminya kwa mikono miwili lisibonyee, na ukingo wa jani ukamkata kiganja. Alitazama damu ile. Nilikuwa nimeshika nguzo ya baraza. Niliogopa kwamba hata damu ile ingehesabiwa kuwa uchawi.

Mjomba akasema, "Dada yangu haendi popote." Wakaondoka mmoja mmoja, bila kuaga.

Msimu ule tulikula mtama wa mama. Majirani nao walikuja kuomba mbegu, wengine wakiwa na vikapu vya kuchukulia majivu, na mama hakumnyima mtu. Lakini wapo ambao hawakugusa tena chungu chake hadi alipofariki, na kila nikisikia hatua za wanaume wengi uwanjani nilikuwa nikimwita mama kwa sauti, nijue yuko wapi.