Nilifika Kipili Nikiwa na Miaka Sitini na Tisa

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, tulipokuwa tunavuna ulezi shambani kwetu Mwimbi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimerudi juzijuzi tu kutoka kujifunza ushonaji Sumbawanga mjini, na nilijiona nimeimaliza dunia yote. Baba yangu alinyoosha mgongo, akafuta jasho, akasema taratibu, "Mwaka huu nataka niende Kipili. Nikamwone mdogo wangu, na hilo ziwa lenyewe nilione."

Mdogo wake, baba yangu mdogo, alihamia huko ziwani na mkewe kuvua samaki nikiwa bado mtoto. Tangu hapo baba alikuwa hajamwona.

Basi mimi nikacheka. Nilicheka mbele ya majirani waliokuja kutusaidia kuvuna. "Baba, wewe na safari wapi na wapi? Ukifia njiani nani atakubeba?"

Majirani nao wakacheka. Baba akatabasamu kama mtu aliyekutwa na kosa, akainama akaendelea na kazi. Aliyenyamaza ni shangazi yangu Leokadia. Alinivuta mpaka ukingoni mwa shamba, akaniambia, "Umemzika baba yako leo, na bado anapumua."

Sikumwelewa. Nilidhani anaionea wivu sketi yangu ya mjini, maana ujana una mambo yake. Lakini baba hakuitaja Kipili tena, si mwaka ule wala uliofuata, na alifariki bila kuliona ziwa. Mdogo wake naye akafia kulekule. Nimelibeba neno lile la shangazi miaka yote hii, mwanangu, na sikuwa nimemsimulia mtu.

Sasa sikiliza yaliyonipata mwaka juzi. Binti yangu alinipa simu yake ya zamani, hii ya kupangusa. Kijana wangu mkubwa, Deo, ninayeishi naye hapa Mwimbi, aliponiona nimeishika alicheka. "Mama, wewe na simu hiyo wapi na wapi? Nipe mimi, nikununulie ndogo ya vitufe." Niliisikia sauti yangu mwenyewe ndani ya sauti yake. Nikaikunja simu ndani ya kitenge, nikamwambia, "Hii siitoi."

Nilijifunza na Oliva, mjane mwenzangu wa jumuiya. Kila Jumapili baada ya misa tulikaa barazani kwake, miwani puani, tunapangusa. Siku ya kwanza nilimpigia padri bila kujua, akatusikia tunabishana dakika nzima. Oliva alipiga picha hamsini za kidole chake. Hatukuona aibu, kwa sababu hakuwepo wa kutuharakisha. Baada ya miezi mitatu nilikuwa natuma sauti na picha, tena najua kumwonyesha mtu kwenye ramani mahali nilipo.

Ndipo mpwa mmoja akaniingiza kwenye kundi la ukoo. Siku hiyohiyo ikaja sauti ya mwanamke, kwa Kifipa: "Mimi ni Skolastika wa Kipili. Mama yangu bado yupo. Kila siku anauliza kama kuna mtu wa Mwimbi aliyebaki." Mwanangu, nilikaa chini. Mke wa baba yangu mdogo alikuwa hai! Skolastika akaongeza kwamba mama amedhoofika sana, na kama kuna wa kuja, asichelewe.

Deo alikataa katakata. Alisema barabara ni mbaya, miguu yangu inavimba, tumtumie salamu yatosha. Nilimjibu, "Sikukuomba ruhusa, mwanangu. Nakuaga." Nadhani hakuwahi kunisikia hivyo tangu azaliwe.

Tuliondoka mimi na Oliva, tukalala kwa binti yangu Sumbawanga, na alfajiri tukapanda basi tumevaa masweta mawili mawili. Tulipopita Namanyere na kuanza kuteremka kuelekea ziwani, joto lilitupokea, tukavua sweta la kwanza, kisha la pili. Oliva alikuwa anacheka kama msichana. Halafu basi likazimika. Fundi akaingia chini, akatoka, akasema kifaa kilichokatika hakipatikani pale.

Abiria wakaanza kunung'unika. Mimi nilitoa simu, nikamtumia Skolastika picha ya basi na mahali tulipo kwenye ramani, nikamwambia, "Dada, tumekwama hapa." Kabla jua halijafika utosini, mume wake alifika na gari lake la kubebea samaki. Alikuja moja kwa moja, bila kuuliza njia kwa mtu. Tukampakia na mama mmoja mwenye kichanga. Abiria mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu bibi ni wa wapi?" Oliva akamjibu kabla yangu, "Wa Mwimbi!" Niliinua kichwa changu, mwanangu, na sikukishusha mpaka Kipili.

Mama mdogo alikuwa amelazwa barazani, amekuwa mdogo kama mtoto. Nilipiga magoti. "Shikamoo, mama."

Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akaitazama pua yangu. "Marahaba. Hiyo pua ni ya shemeji yangu. Yeye yuko wapi?"

"Alitangulia zamani, mama."

"Mume wangu alimngojea sana," akasema. "Alikuwa akisema, kaka yangu atakuja akimaliza kuvuna."

Sikuficha. Nilimweleza siku ile ya ulezi na kicheko changu, Oliva akisikia, Skolastika akisikia. Mama mdogo akanipigapiga mkononi. "Ulikuwa mtoto. Leo umekuja kwa ajili yake." Nililia, akaniacha nilie.

Kisha akauliza kama lile jiwe pana walilokuwa wakianikia ulezi alipoolewa bado lipo. Nikampigia Deo kwa picha. Akaniona nimekaa salama, nyuma yangu ziwa limetanda. Nikamwambia, "Chukua simu, nenda shambani." Akaenda, anahema, akatuonyesha njia, mahindi, makaburi ya wazee, na lile jiwe lenyewe, limeanikiwa ulezi mwekundu. Mama mdogo aliisogelea simu mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Akaanza kuyataja majina ya wanawake waliopepeta naye, mmoja mmoja, na Deo kule akitulia kabisa bila kusogeza simu. Mwisho Deo akasema, "Mama, nisamehe. Nilikosea."

Tulikaa wiki mbili, tukala migebuka, samaki wa ziwa lile, mpaka basi. Mama mdogo alifariki mwezi mmoja baada ya sisi kurudi, na Skolastika aliniambia alikufa akiwa ameridhika. Mwaka huu mimi na Oliva tunawafundisha wazee saba wa jumuiya, na Deo ndiye anayetuchajia simu.

Basi mwanangu, nakuusia. Mzee wako akikuambia anataka kwenda mahali, usimuulize kwa nini, muulize lini. Akitaka kujifunza simu, usimnyang'anye ukamfanyia wewe, muache akosee kwa mkono wake mwenyewe, na urudie kumweleza hata mara kumi bila kuguna. Nawe utakapofikia umri huu, usikubali mtu akwambie kwamba yako yamekwisha, hata awe uliyemzaa. Funga mzigo wako, uage, uende.

Mungu akupe miguu ya kukufikisha unakotamani, na macho ya kukuonyesha ulichokifuata. Akupe watu watakaofurahi ukiondoka na kufurahi zaidi ukirudi. Ubarikiwe, mwanangu, wewe na wazee wako wote.