Mate ya Mama

Namshukuru Mungu aliyenipa miaka mingi, akanipa mama mwenye sala, na sasa pumzi ya kuyaandika haya bila haraka.

Kwetu upande wa Ishiara, mama akikubariki hutema mate kidogo viganjani mwako, nawe ukayapaka kifuani. Sisi wa kanisa hatukuiacha desturi hiyo. Lakini mate hayo hayatolewi ovyo. Hupewa mtu anayejulikana, kwa jina lake, na ni juu yake kurudi siku moja kusema baraka ilimfikisha wapi.

Mwaka mmoja, tukiwa tunapura ndengu, alikuja mhadhiri wa chuo kikuu na kisanduku cha barafu. Alikuwa akichunguza asili ya koo zetu, na alitaka wazee wateme mate kwenye vichupa.

Mama akamuuliza, "Yataishia wapi?"

"Tutayapima, cucu," akasema, akimwita bibi kwa lugha yetu, "halafu utarudishiwa."

"Yote?"

"Yatakayobaki."

Akatema. Kisha, kwa kuwa mgeni alikuwa na safari, akamshika viganja akambariki. Mhadhiri alitabasamu, akaenda kwenye gari, akatoa dawa ya kusafisha mikono na kujisugua hadi kwenye viwiko. Kile kichupa alikuwa amekifunika kwa pamba kama yai.

Mvua zilikuja zikaenda. Mama alipoanza kuugua, akawa anaulizia mate yake. Hakutaka kwenda kwa Mungu baraka yake ikiwa imefungiwa kwa watu asiowajua. Nikaenda chuoni kuyadai.

Kamati ya maadili ya utafiti ilinipokea kwa chai na mandazi. Mhadhiri akaeleza kwamba majina yetu yote yalifutwa ili kutulinda.

"Kutulinda na nani?"

"Na watu wabaya, mzee."

"Basi kichupa cha mama ni kipi?"

Hakuna aliyejua. Mhadhiri akatoka, akarudi na kichupa chenye namba, akakiweka kando ya sahani yangu ya mandazi.

"Mpelekee hiki. Atajuaje?"

Mwenyekiti wa kamati alikuwa akikoroga chai yake. Niliyatazama yale mate yaliyoganda. Yalikuwa ya mzazi wa mtu, labda jirani yetu ambaye tayari tulikuwa tumemzika.

"Nikamdanganye mama kwa mate ya mama wa mwenzangu?"

"Ni sampuli tu, mzee."

Nilitamani kutema pale sakafuni. Nikamwomba Mungu anifunge kinywa, nikainuka, chai nikaiacha.

Nyumbani nilimweleza mama yote kama yalivyokuwa.

"Nilimwona akijisugua siku ile," akasema. "Nikadhani alikuja na mikono michafu."

"Ndivyo, mama."

"Na hawajui yangu ni yapi?"

"Hawajui."

"Basi hayo yamepotea. Lete mikono yako."

Kinywa chake kilikuwa kikavu. Alijaribu, akapumzika, akajaribu tena, mpaka tone dogo likaanguka kiganjani mwangu. Akanitaja kwa jina langu lote, la nyumbani na la ubatizo. Nilijipaka kifuani, na siku hiyo sikuoga.

Nawe unayesoma, Mungu akupe wa kukubariki kwa jina lako, na akupe mikono isiyoona kinyaa.