Herufi za Mjomba Wilondja

Sisi tuliokulia mji wa Baraka enzi za Zaire tulikwenda kuona filme mapema, maana hakuna aliyetaka kukosa mwanzo wake.

Mjomba Wilondja, kaka mkubwa wa mama yangu, ambaye mama alimwita Yaya, aliishi kwa kuandika majina ya mitumbwi na maduka. Filme zilizofika misheni zilikuwa zimechakaa, mwanzo umekatika, hazina hata jina. Padri akamwomba aziandikie. Mjomba alipaka kioo masizi ya taa, akakiweka kwenye mashine ya picha, kisha akayakwaruza kwa msumari, kinyumenyume na juu chini, ili kwenye shuka nyeupe maandishi yasomeke sawasawa. Herufi za mwanga zilitokea moja moja. Sisi watoto, vinywa vimejaa karanga, tulibashiri neno kabla halijaisha, tukakosea, tukachekana. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kukaa darasani, alijifunzia herufi pale.

Siku moja kiongozi wa chama aliagiza jina la Rais litangulie. Mjomba akaliandika kama alivyoandika yote, polepole. Lilikuwa jina refu. Watu wakachoka.

"Weka filme! Ma-herufi basi!"

Kiongozi akahesabu kwamba Rais amezomewa, na mjomba akafungwa, akalala kasho. Mama alimpelekea bugali na samaki wadogo wa ndakala, akarudi macho mekundu. Mjomba alipotoka, mama alimwambia, "Yaya, acha ile mambo. Utakufa juu ya maandishi?"

Mjomba akauweka msumari wake kando.

Filme iliyofuata ilianza hivihivi, bila jina. Watu waliendelea kupiga soga, hawakujua kama imeanza. Muuza samaki mmoja wa Lweba akauliza kwa sauti, "Hii inaitwa je?" Mjomba alikuwa amekaa nyuma, mikono mapajani. Akainuka, akaenda kumwambia padri asimamishe mashine, akaomba kioo.

Tangu hapo alikuja na vioo viwili. Cha Rais alikiandika kabisa nyumbani, jina likatokea mara moja, hakuna wa kulichoka. Cha pili kilikuwa cheusi kitupu, nacho alikikwaruza taratibu kama zamani. Kiongozi akaridhika.

Juzi mjukuu wangu alikuwa anaangalia filme kwenye telefone. Majina yalianza kutokea, herufi nzuri, zinakuja na kuondoka kwa mpango. Akayarusha kwa kidole. Nikamwambia ayarudishe.

"Ya nini, koko? Pale hamuna kitu, iko majina tu."

Nilitaka kumweleza, lakini filme yake ilikuwa imeshaanza.