Kilio cha Mzee wa Ghorofa ya Nne

Nilisoma fasihi Goma, na tasnifu yangu ilihusu hadithi za kesho mbaya: riwaya, vitabu vya picha, filamu, hata michezo ya simu, zote zinazoeleza miji ambako watawala wanamwona kila mtu, unavaa namba shingoni, na mtoto wako si wako. Swali langu lilikuwa moja. Wanaotunga hadithi hizi wanaogopa nini hasa? Nilijibu kwa kurasa nyingi. Wanaogopa mashine, niliandika. Wanaogopa kuonwa. Wanaogopa kusahau. Maprofesa walitikisa vichwa kukubali, nami nikarudi kwa mama, ambaye wakati huo hakuwa tena nyumbani kwetu Muheto. Alikuwa Lushebere, kwenye kambi ya waliohama, ndani ya hema ambalo nikinyoosha mikono nilishika kuta zake mbili kwa pamoja.

Mimi ni mtu wa kuwaza. Pikipiki ikizima injini mbali, nawaza imezimwa na nani na kwa nini pale. Kwa hiyo mama aliposema, huku anachambua sombe, majani ya muhogo, kwamba angerudi Muheto kuvuna maharagi kabla hayajapasuka shambani, sikulala vizuri tena.

"Barabara iko na barieri, mama," nilimwambia.

"Barieri iko tangu zamani. Na maharagi iko sasa."

Barieri ni mti uliolazwa barabarani, na vijana wenye bunduki pembeni. Ili upite unaonyesha jetoni, kikaratasi chenye muhuri kinachothibitisha kwamba mwezi huu umetoa. Mchango wenyewe watu wanauita lala salama. Usipoutoa, hulali. Katika vitabu vyote nilivyosoma sikukutana na mtunzi aliyethubutu kuipa kodi jina kama hilo. Jetoni ikikosekana unapelekwa salongo, kulima shamba la mtu usiyemjua au kubeba mizigo yake mlimani, na wengine wanarudi kutoka huko na wengine hawarudi. Mama alijua haya yote kuliko mimi. Ndiyo maana sikuelewa. Nikadhani amezoea hofu kiasi cha kutoiona tena, na kwamba akionyeshwa upya, kwa sura ya kigeni, atashtuka na kubaki.

Nilikuwa na njia ya kumwonyesha. Kambini kulikuwa na nyumba ya video, mbao na maturubai meusi, betri inayochajiwa kwa jua, na skrini ndogo. Kazi yangu, kazi pekee niliyopata kwa lisansi yangu ya chuo kikuu, ilikuwa kusimama kando ya skrini na mikrofoni na kuwafasiria watu filamu za Kifaransa. Kufasiri kwetu si kutafsiri tu. Unaongea juu ya filamu, watu wanakuuliza, unawajibu, wanakubishia. Na kuna sheria moja ambayo hakuna anayeivunja: betri ikifa kabla ya mwisho, mfasiri anamaliza hadithi kwa mdomo. Mtu hatoki mle bila mwisho.

Jumapili baada ya ibada niliweka filamu niliyoiandikia sura nzima ya tasnifu. Mji wa sima tupu, yaani saruji kila upande, macho ya mashine juu ya kila nguzo, na kijana mmoja anayetaka kutoroka. Mama alikaa benchi la pili, kikwembe kimefunika magoti, pamoja na wanawake wa kwaya. Nilikuwa namtazama yeye kuliko skrini.

Kijana wa filamu akafika kwenye lango. Askari akadai aonyeshe kibati cha shingoni. Nilishusha sauti ili itishe. "Asipokuwa nacho," nikasema, "harudi kwao."

"Kumbe ni jetoni!" mwanamke mmoja akapiga makofi. "Hata Wazungu wanalipa jetoni!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko.

"Wanaita kodi yao namna gani?" mwingine akauliza.

"Haina jina," nikajibu.

"Haina jina! Hawa watawala hawajasoma."

Kijana akakimbia, akifuata barabara kubwa. Hapo mzee mmoja wa benchi la mbele, ambaye zamani alilima huko Ngungu, akasimama kwa hasira ya kweli. "Mujinga huyu! Anapita mu barabara kwa nini? Apite mu mashamba!"

"Papa," nikamjibu, "kule haiko mashamba. Iko sima."

"Basi apite mu mtaro! Na tazama, ameacha godoro. Muntu anakimbia bila godoro?"

"Na sufuria, Papa, hata sufuria!" mwingine akadakia.

"Huyu hatafika."

Nilisimama na mikrofoni mkononi, nimeduwaa. Macho ya mashine yalipita, hawakuogopa. Watoto wakachukuliwa kwenda kufanya kazi chini ya ardhi, na mama mmoja akasema tu, kama anayetaja mvua, "Kama migodi ya Walikale." Kila kitu nilichokiita maono katika tasnifu yangu, kwao kilikuwa habari za jirani, tena jirani asiye mjanja sana. Mama naye alikuwa anacheka. Nikaona mpango wangu umekufa.

Kisha ikaja sehemu ambayo sikuwahi kuiandikia hata sentensi moja. Ni fupi. Kijana anapojificha kwenye jengo refu, anafungua mlango ghorofa ya nne na kumkuta mzee amefia kitini. Chai iko mezani imeota ukungu. Kijana anachukua koti la mzee, anafunga mlango, anaenda zake.

"Ngoja," mwanamke mmoja wa kwaya akasema. "Huyo mzee amekufa?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi, nadhani."

"Na wale wa mlango wa pili?"

"Hawajui."

"Namna gani hawajui? Wanakaa ukuta mumoja!"

"Hawajuani, mama. Kule kila mtu anakaa na mlango wake."

Kicheko kilikatika. Niliwaona wanawake wakiweka mikono kichwani, mmoja baada ya mwingine. Yule mzee wa Ngungu akakaa polepole. Filamu iliendelea, risasi, moto, honi, lakini hakuna aliyeiangalia. Walikuwa wananiangalia mimi. Na hapo betri ikafa. Skrini ikawa nyeusi, ikabaki mianga ya jua la mchana kwenye matundu ya turubai.

Nilianza kumalizia kwa mdomo, kama sheria inavyotaka. Nikasema kijana alikamatwa ukingoni mwa mji.

"Achana na huyo," akasema mama yangu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniuliza kitu. "Yule mzee. Walimuzika?"

Nilijua jibu. Katika filamu, karibu na mwisho, gari la takataka linapita na kumchukua akachomwe na taka. Nilijua pia kwamba ningeweza kusema chochote, kwa kuwa mwisho sasa ulikuwa wangu. Nikawaza haraka, kama ninavyowaza kila kitu: nikisema walimzika, watatulia. Nikisema ukweli, mama ataogopa, na nilimleta ili aogope. Nikachagua ukweli.

"Hapana, mama. Gari ya uchafu ilimubeba. Wakamuchoma."

Kisha mwanamke mmoja wa kwaya akaanzisha wimbo tunaouimba jeneza linapotoka nyumbani. Nilidhani anatania. Wa pili akapokea, wa tatu, na sauti za wanaume zikaingia chini, nzito, na mzee wa Ngungu akavua kofia. Walimlilia mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, mle gizani, mbele ya skrini iliyokufa, beti zote hadi mwisho, na mwishoni mmoja akaomba sala na kumtaja: mzee wa ghorofa ya nne. Wakasema amina. Mimi nilikuwa bado nimeshika mikrofoni.

Tulipotoka nje na kukaribia hema letu, mama akaniuliza:

"Unakumbuka yule bibi wa hema la chini, tuliyemuzika juzi?"

"Namkumbuka."

"Mchungaji aliuliza kijiji chake, ili akitaje. Tukaangaliana. Hakuna aliyejua." Alifungua kamba ya mlango wa hema. "Kesho ninaenda Muheto."

"Mama! Filamu nilikuonyesha ili—"

"Ninajua. Nilikuzaa miye. Ulitaka niogope. Basi, nimeogopa."

Nilimwambia yote asubuhi iliyofuata, nikimfuata hadi barabarani huku amefunga magunia matupu mgongoni. Nikamwambia kuhusu barieri, risasi, mabega yake, umri wake. Nikamwambia nitakwenda naye. Akasimama.

"Weye uko kijana. Watakubebesha mizigo hadi Walikale, sitakuona tena. Miye ni mama muzee, watanidai jetoni na kunitukana. Matusi haiui." Kisha akanishika kidevu, kitu ambacho hakukifanya tangu nikiwa shule ya msingi. "Nikifia kule, watu wa kule watajua ni nani amekufa."

Wanawake wawili wa kwaya walikuwa wanamsubiri. Wakaondoka pamoja, wakiongea kwa sauti, tena wakicheka.

Sikupata habari zake kwa muda uliotosha kunikondesha. Niliwaza kila kitu kinachoweza kuwazwa, na vingine. Kisha simu ikalia. Alikuwa amepanda juu ya kilima, mahali mtandao unapofika, na upepo ulikuwa unavuma kwenye maneno yake. Barieri alipita. Maharagi mengi yalikuwa yamepasuka, lakini si yote. Bati za nyumba zimechukuliwa. Wajane majirani wa pale chini walikuja kumsalimia hata kabla hajatua gunia.

"Na sasa unalala wapi, kama nyumba haina bati?"

"Hapa hakuna anayelala mu nyumba, wenye bunduki wanakuja usiku," akasema. "Mchana tunavuna. Jioni kila muntu anabeba blanketi, tunaingia mu pori. Asubuhi tunarudi."

Alisema hivyo kama anayenieleza saa za ibada. Nilikaa chini, palepale kwenye tope, mbele ya watu.

"Mama, tafadhali rudi."

"Acha kuwaza sana. Kule porini tunaitana majina kabla ya kulala, ili kujua kama wote tumefika." Upepo ukachukua neno moja au mawili. "Jana wote tulifika."