Rangi ya Kung'aa Chumbani kwa Mzazi

Nakumbuka asubuhi moja, Manka mwanangu, kuta zinatiririka maji, wewe unakohoa, nami nimekaa kitandani na hasira za kubomoa nyumba.

Nyumba yenyewe ilikuwa mpya, huku mlimani juu ya Kwa Sadala. Baba yako alikuwa ameona kuta za ofisi ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, mjini Moshi, zinang'aa kama kikombe, akaapa chumba chetu nacho kitang'aa. Plasta haijakauka, yeye tayari anapaka rangi ya mafuta, ya kijani. Nilimwambia asubiri. Hakusubiri, eti wageni watakuja kumwona mtoto.

Ukazaliwa. Unajua kwetu mzazi akishajifungua hukaa ndani wiki nyingi, moto hauzimwi, chungu cha mtori wa ndizi na nyama kinachemka kutwa. Mvuke ukapanda, ukakosa pa kwenda. Kwenye rangi ile ukageuka maji, yakashuka mpaka kwenye blanketi lako. Kifua chako kikaanza kukoroma. Bibi yako akaongeza kuni ili pakauke, maji yakazidi.

"Baba Manka," nikasema, "ukuta wako unatoa jasho na mtoto anakohoa."

"Rangi hii inafutika kwa kitambaa tu, Mama Manka."

"Basi futa."

Akafuta hadi mchana. Alipomaliza ukuta wa mwisho, wa kwanza ulikuwa umelowa tena. Bibi yako, mama yake mzazi, akamwuliza taratibu, "Hao wageni wanakuja kuona mtoto au ukuta?"

Akaweka kitambaa chini. Mimi na wewe tukahamia kwa bibi. Yeye akabaki anakwangua rangi yake, akaacha plasta ikauke, kisha akapaka chokaa, inayonywa mvuke. Tuliporudi, moto ukawaka, mtori ukachemka. Nikapitisha kiganja ukutani, kikarudi kikavu. Ukalala kimya, kifua kinapanda na kushuka vizuri, nami ndipo nikalia.

Kwa hiyo, mwanangu, ukijenga yako, usichague rangi kwa macho ya wageni. Sebuleni, wanaposhikashika watoto, weka ya kung'aa, utaifuta. Penye kulala na moto, weka chokaa. Itashika moshi, utapaka tena mwakani, si neno. Na plasta ikauke kwanza, hata mume akinuna.

Mungu akupe nyumba kavu, kifua chepesi, na mume anayesikia mara ya kwanza.