Mwendo wa Mlevi

Daktari alisema mengi siku ile, nami nikashika neno moja: nisikae. Ugonjwa wenyewe aliuita Parkinson. Nilipolitaja jina hilo nyumbani, mke wangu alidhani namzungumzia Mzungu. Mkono wangu wa kulia ulikuwa ukitetemeka hata nikiuweka pajani, miguu imekuwa mizito, na kanzu nilizokuwa nikishona zimeanza kunishinda.

"Ukikaa, viungo vitakakamaa," alinionya. "Tembea kila siku."

Basi nikatembea. Shamba sina, lakini msikiti ninao. Mara tano kwa siku nilipita vichochoro vya Malindi kwenda na kurudi, nimeinama mbele, hatua fupi fupi za haraka, mara miguu inagoma penye kizingiti. Nikikwama hivyo, natafuta kijiti chini, nakivuka. Mguu unaokataa sakafu tupu hukubali kuvuka kijiti. Sijui kwa nini.

Miaka hiyo ya themanini njia yangu ilipita karibu na mangwe, kibanda cha kuuzia tembo la mnazi. Na wakati huohuo binti yangu alikuwa ameposwa na watu wa Mambrui. Ugonjwa tuliuficha, tusije tukaambiwa umo katika damu. Kumbe ukificha jambo, watu hukutafutia jingine.

Siku moja mke wangu alirudi kutoka arusini uso umemshuka.

"Wanasema unalewa, bwana. Wamekuona ukiyumba pale mangweni. Mambrui wamesikia, na posa wanataka kuivunja."

Nilikasirika. Mimi, ambaye hata siki naionja kwa wasiwasi.

"Kaa ndani mpaka ndoa ifungwe," akanisihi.

Nilikaa siku nne. Asubuhi ya tano sikuweza kujigeuza kitandani. Niliogopa kama sijawahi kuogopa; nilijiona nalishwa uji kwa kijiko. Lakini nikiwaza kutoka, namwona binti yangu akirudishwa kama kitambaa chenye doa, kwa sababu ya miguu yangu.

Ni yeye aliyeniletea kanzu.

"Nenda ukaswali, baba. Atakayekimbia mwendo wako leo, kesho atanikimbia mimi."

Nikaenda alasiri hiyo. Mlangoni mwa msikiti, nani namwona? Ami yake kijana aliyeposa, amekuja mjini kwa shughuli zake. Na miguu yangu ikagoma papo hapo, mbele ya macho yake.

Akanijia, akanitolea salamu, akanikumbatia. Uso wake ukakaa karibu na kinywa changu kuliko salamu inavyotaka. Nikajua ananinusa. Aibu ilinichoma, nikatamani kumsukuma. Badala yake nikafungua kinywa, nikampumulia usoni, pumzi ndefu, ashibe.

Akarudi nyuma hatua moja, macho chini.

"Ni maradhi," nikasema. "Tuliwaficheni. Daktari ameniambia nikikaa nitakakamaa, ndiyo maana unaniona njiani."

"Na sasa mbona huingii?"

"Miguu imegoma. Sina kitu cha kuvuka."

Aliitazama miguu yangu kitambo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Hayo maradhi, hurithiwa?"

"Sijui," nikamjibu, na ilikuwa kweli. Daktari sikumuuliza. Niliogopa jibu.

Niliisubiri hukumu yangu na ya binti yangu. Mzee yule akainama taratibu, akailaza bakora yake mbele ya vidole vyangu.

"Vuka, bwana. Watakimu swala watuache."

Nikavuka.

Ndoa ilifungwa baada ya mfungo, na mimi niliendelea kutembea, nikipita palepale mangweni. Ila lile swali halikwenda na mwenyewe Mambrui, lilibaki kwangu. Binti yangu akija kunitazama, hunitilia kahawa, akaninyoshea. Nami huutazama mkono wake kwanza, kabla sijapokea kikombe.