Kengele Mbili za Bi Mwanamkisi

Usiku Ruwaida alipopelekwa hospitali kujifungua, mamake, Bi Mwanamkisi, hakulala. Alimpigia mkwewe Ammar simu mara nyingi hata Ammar akasema, "Mama, ukiniachia laini kidogo, huenda habari zikapata pa kupita." Alfajiri zikaja: mtoto wa kike, mama mzima. Bi Mwanamkisi akamshukuru Mungu, na papo hapo akapata jingine la kuhofia: jiko.

Kwao mzazi hukaa ndani siku arubaini, mlango umefungwa upepo usimpate, jiko la makaa kando ya kitanda. Msimamizi alikuwa shangazi wa Bi Mwanamkisi, Bi Asmaa, na Bi Asmaa habishiwi. Naye Bi Mwanamkisi alishasikia habari za mama na mwanawe waliolala na jiko wasiamke.

Akaenda kwa Ridhwani, muuza vifaa vya umeme.

"Kengele hii ni ya moshi, inakaa darini," Ridhwani akamwambia. "Lakini makaa yakishakolea hayana moshi, Bi. Hewa yake haionekani, hainuki, na inaua. Hii ya pili ndiyo huigundua. Iweke chumbani, wazi, usawa wa mto, mbali kidogo na jiko."

Akanunua zote mbili. Ya moshi akaitundika juu kabisa ya mahali wanapofukizia udi. Chetezo kilipowashwa tu, nyumba nzima ikaziba masikio.

"Umetuletea mwana wa pili," Bi Asmaa akasema, "na huyu hata ziwa hataki!"

Ikahamishiwa ukumbini. Ya pili, kwa kuwa Bi Asmaa alisema kitaa chake kinamkera mato, Bi Mwanamkisi akaificha kidakani ukutani, nyuma ya sahani za marehemu mamake, na kitambaa juu. Siku sita haikulia, naye akatembea kifua mbele. Ruwaida akilalamika kichwa, wakamwambia ni uchovu wa uzazi.

Siku ya saba Ridhwani alipita barazani. "Ile ya pili uliiweka wapi?"

"Kidakani, nyuma ya sahani."

"Bi Mwanamkisi! Umemfungia mlinzi kabatini, kisha wamsifu kwamba hajaona mwizi?"

Bi Mwanamkisi akakimbia chumbani, akaitoa, akaiweka karibu na mto. Bi Asmaa akamfukuza, "Upepo!", akatia komeo kwa ndani. Bi Mwanamkisi hajafika mbali, kengele ikalia.

"Shangazi, fungua!"

"Tangu lini kidude kikaniamuru? Nti nzima imelelewa na makaa!"

"Waliokufa nayo hawakurudi kusimulia! Fungua, au navunja mlango!"

"Wewe? Yai tu unalivunja kwa bismillahi tatu!"

Bi Mwanamkisi, ambaye maisha yake yote hakumbishia shangazi, akarudi nyuma hatua mbili, akatanguliza bega. Komeo likakwaruza, mlango ukafunguliwa kwa ndani. Ruwaida akatoka amemkumbatia mwanawe, akivuta pumzi kwa nguvu, na nyuma yake Bi Asmaa, jiko mkononi.

"Usisimame hapo kama mwimo wa mlango," akasema. "Shika jiko, peleka uani. Na mlango uwache wazi."